Wanne Wasiosubiri Foleni

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, bila shaka umewahi kusikia, au wewe mwenyewe umewahi kusema, maneno haya: "Mimi nipo hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Huyu amekuja saa nne. Mbona ametangulizwa?"

Ni swali la haki. Watu wametoka mbali, wengine wamelala njiani, na anayepita mbele ya wenzake hudhaniwa kuwa ana ndugu yake ndani. Lakini foleni ya hospitali haifanani na foleni ya mashine ya kusaga. Kwenye mashine, debe la mahindi likisubiri saa tatu hubaki kuwa debe lile lile la mahindi. Mgonjwa akisubiri saa tatu anaweza kuwa mgonjwa mwingine kabisa.

Huko Blantyre, nchini Malawi, katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, waliamua kubadili namna ya kuwapokea watoto. Badala ya kumwona kila mtoto kwa zamu aliyofikia, walianza kumtazama mara tu anapoingia, na kuwagawa watoto katika mafungu matatu: aliye hatarini sasa hivi, anayetakiwa kuonwa mapema, na anayeweza kungoja. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Baadaye idadi ilishuka ikawa kati ya 6 na 8. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ni kupanga upya vyumba, watu na utaratibu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani limeueneza utaratibu huo katika nchi nyingi.

Katika ukurasa huu nataka tuwaangalie wagonjwa wa aina nne ambao hospitali yoyote yenye utaratibu huwatupia jicho kwanza: mama mjamzito au aliyejifungua, mtoto mchanga, mtoto mdogo, na mzee. Siyo kwamba maisha yao yana thamani kupita ya kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda. Sababu ni kwamba miili yao haitoi taarifa kama miili ya wengine. Mmoja huficha, mwingine hana akiba, mwingine huporomoka ghafla, na wa mwisho husema kwa sauti ndogo mno.

MAMA: MWILI UNAOFICHA

Mwanamke mwenye mimba kubwa ana damu nyingi kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kushika mimba. Maji ya damu yake huongezeka kwa karibu nusu. Hiyo ni akiba aliyojaliwa kwa ajili ya siku ya kujifungua, na ndiyo akiba inayotudanganya. Mama anaweza kupoteza damu nyingi, naye bado anaongea, anauliza kama amepata wa kike au wa kiume, presha ikipimwa inaonekana nzuri. Kisha inaanguka kwa mara moja. Mwishoni mwa mimba, damu ipitayo kwenye mfuko wa uzazi ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Kama kondo la nyuma limetoka na mfuko ukashindwa kukaza, mama anaweza kufariki katika muda wa saa mbili.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuipima damu, siyo kuikisia. Macho ya binadamu hukisia pungufu, hasa damu inapoingia kwenye godoro au sakafu ya udongo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika hospitali zilizotumia utaratibu mpya, kila mama aliyejifungua aliwekewa chini yake nailoni yenye mfuko na alama za vipimo, na damu ilipofika nusu lita wakunga walifanya mambo yote kwa pamoja: kukanda tumbo, sindano ya oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kutafuta inakotoka damu. Hapo awali tulikuwa tukijaribu hili, tukingoja, kisha tukijaribu lile. Kutokwa damu kwingi sana, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo na damu hiyo, vilipungua kwa asilimia 60.

Nyumbani hakuna nailoni yenye alama, lakini kanga ipo. Huko Kigoma wakunga wa jadi waliwahi kufundishwa kutumia kanga kama kipimo: kanga mbili zikilowa damu chapachapa, mama huyo amepoteza nusu lita au zaidi, na hakuna tena cha kungoja. Kama amejifungulia njiani au nyumbani, mtoto awekwe titi mara moja, kwa kuwa kunyonya hukaza mfuko wa uzazi. Mama akojoe. Tumbo chini ya kitovu lisuguliwe kwa kiganja mpaka mfuko uwe mgumu kama mpira. Afunikwe apate joto, alale bila mto, na safari ianze. Wale wanaompa kwanza uji wa pilipili manga ili "asafishike" nawaomba wauache uji huo hadi mama atakaporudi nyumbani salama.

Damu yoyote kabla ya kujifungua, mimba ikiwa kubwa, nayo ni dharura hata kama haina maumivu. Mtu asiingize kidole kutazama. Kama kondo la nyuma limekaa mlangoni mwa kizazi, kidole kimoja kinaweza kufungua bomba. Na kwa mama ambaye hajajua hata kama ni mjamzito, aliyekosa siku zake wiki chache tu, maumivu makali ya tumbo la chini pamoja na kizunguzungu au kuzirai yanaweza kuwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka. Wengi wa hawa hupelekwa kwanza kutibiwa "chango". Chango haimwangushi mtu chini akawa mweupe midomo.

Kuna na kifafa cha mimba. Hapa ndipo watu wengi hupoteza muda, kwa sababu mama aliyekuwa mzima jana leo anatetemeka mwili mzima, anauma ulimi, macho yamegeuka. Ndugu huona pepo. Kumbe mara nyingi kulikuwa na dalili siku mbili tatu kabla: kichwa kinachouma bila kusikia panado, macho kuona ukungu au nyota, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba hata pete haitoki. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Ni chumvi ya bei ndogo, na mwaka 2002 utafiti wa akina mama wapatao 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kuwa mama mwenye presha ya mimba akipewa dawa hiyo, hatari ya kupata kifafa hupungua kwa zaidi ya nusu. Tena kifafa hiki huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, mama akiwa tayari nyumbani anapikiwa supu. Akipatwa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, msimtie kijiko mdomoni, msimmwagie maji, mleteni.

Ubavu wenyewe uwe wa kushoto kama mimba bado ipo. Mimba kubwa ikimlalia mama chali hubana mshipa mkubwa wa damu uliopita kulia kwa uti wa mgongo, na damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Nimeona wagonjwa wanateremshwa kwenye gari wakiwa wamelazwa chali kwa heshima kubwa, mashuka meupe, na presha imeshuka kwa sababu ya kulazwa tu.

MTOTO MCHANGA: ASIYE NA AKIBA

Tanzania imepiga hatua kwa upande wa akina mama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Lakini tazama watoto wa umri chini ya mwezi mmoja: katika utafiti wa kwanza walikufa 25 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, na katika wa pili 24. Namba hiyo haikusogea. Mama anarudi nyumbani, lakini mara nyingi anarudi mikono mitupu, na kwetu kilio cha kichanga huwa kifupi, hata jina wakati mwingine hajapewa. Labda ndiyo maana hatukuhesabu kwa uchungu unaostahili.

Damu yote ya mtoto wa kilo 3 ni kama mililita 240. Haijazi chupa ya soda. Kitovu kilichofungwa kwa uzi uliolegea, kikitoa matone usiku kucha chini ya blanketi, kinaweza kummaliza bila mtu kusikia kilio.

Kiasi cha mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa akihitaji msaada ili aanze kupumua, na wengi wao wanachohitaji ni kukaushwa vizuri kwa kitambaa kikavu na kusuguliwa mgongo. Wachache hupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa. Kazi hii lazima ianze ndani ya dakika moja, ambayo sisi wakunga huiita dakika ya dhahabu. Mwaka 2009 mafunzo ya namna hiyo yalianza kujaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Mtoto hashikwi miguu akaning'inizwa kichwa chini, hapigwi makofi, hamwagiwi maji ya baridi. Mambo hayo yanamchosha na kumpoza, naye pumzi hana.

Baadaye ilionekana kwamba mafunzo ya mara moja husahaulika. Ndipo Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, na wenzake wakaja na mpango wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, kwa kutumia wanasesere wa mafunzo. Mpango huo uliingia katika vituo 30 vya mikoa mitano, na taarifa yake ilitoka mwaka 2025: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vya akina mama kwa asilimia 75. Naitaja habari hii kwa sababu watu hutuona wauguzi tukimpulizia hewa mtoto wa plastiki saa nane mchana, leba ikiwa tupu, wakadhani tunacheza.

Adui wa pili ni baridi. Mtoto huzaliwa amelowa, ngozi nyembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili, na hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto. Akipoa, sukari yake hushuka. Sukari ikishuka hanyonyi. Asiponyonya hupoa zaidi. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Najua bibi wengi hawapendi kusikia hivyo, kwao mtoto asiyeogeshwa ni aibu ya nyumba. Afutwe tu.

Na kama kichanga amezaliwa njiti na anatakiwa kusafirishwa, gari bora la kumbeba ni kifua cha mtu. Avuliwe, abaki na kofia, soksi na nepi, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, afungwe kwa kanga, na nguo ya mbebaji ipite juu. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi kilo 1.8 uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojewa kwanza watulie ndani ya mashine, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 25. Kama mama yuko chumba cha upasuaji, kifua cha baba kinafaa. Kuna akina baba wanaotazama kwanza kama kuna mtu anawaona. Wakishambeba nusu saa, kumtoa mtoto ndiyo inakuwa shida.

Dalili za hatari kwa kichanga ni chache na ni za kimya: ameacha kunyonya, amelegea, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwili una joto au, mara nyingi zaidi, ni wa baridi, kitovu chekundu kinachotoa usaha, manjano mpaka viganja na nyayo. Mtu asingoje zote zitimie. Kuacha kunyonya peke yake kunatosha.

SAFARI

Mwaka 2022 Serikali ilizindua kitaifa mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa. Simu ni 115, na haitozwi. Anayepokea huuliza dalili, huamua mgonjwa apelekwe kituo gani, na kama gari la wagonjwa liko mbali huita dereva wa kijamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu. Unamhusu mama mjamzito, aliyejifungua mpaka siku 42, na kichanga mpaka siku 28.

Ni mpango mzuri. Lakini gari haliwezi kuja kabla halijaitwa, na katika nyumba nyingi simu hupigwa baada ya kikao. Mume yuko machimboni, mkwe hataki kuamua peke yake, anayejua mahali pesa zilipo kaenda gulioni. Kikao hicho kifanyike mimba ikiwa na miezi saba, mgonjwa akiwa mzima na anacheka. Siku hiyo iamuliwe nani ana ruhusa ya kusema "twende" bila kuuliza mtu, nani atabaki na watoto, na ni akina nani wawili watakaofuatana naye kutoa damu. Damu haitoki kiwandani. Mtu mzima wa miaka 18 hadi 65, mwenye afya na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Jumuiya ndogo ndogo ambazo tayari zina daftari la michango ya misiba zinaweza kabisa kuwa na ukurasa mmoja wa makundi ya damu.

MTOTO MDOGO: ANAYENYAMAZA

Kwenye benchi, mtoto anayelia hutisha kila mtu. Mimi hunitisha aliyenyamaza. Mtoto anayelia ana hewa ya kulilia na nguvu ya kukasirika. Aliyelala begani mwa mama, macho nusu yamefumba, hashtuki hata nyumba ikipigwa na mlango, huyo ndiye wa kwanza. Mwili wa mtoto hupambana kwa muda mrefu bila kuonyesha, ukibana mishipa na kuukimbiza moyo, kisha huacha kupambana ndani ya dakika chache.

Kuna ishara nne ambazo kila mama anatakiwa kuzijua kama anavyolijua jina la mwanawe: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hazinduki. Moja tu ikitokea, usiku au mchana, ni safari. Ongeza na pumzi. Mwangalie tumbo ametulia, hesabu dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifika 40, ni nimonia mpaka daktari aseme siyo. Na kama mbavu za chini zinabonyea ndani anapovuta hewa, msihesabu tena.

Kuhusu degedege lazima niseme kwa urefu. Wazee wetu walisimulia juu ya mdudu au ndege wa usiku anayepita juu ya mtoto, na ndiyo maana tiba ilikuwa kufukiza moshi, kuosha kwa mizizi, hata mkojo. Pamoja na hayo likaja onyo ambalo bado nalisikia: mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa atakufa. Onyo hili halikutoka hewani. Watu waliona kweli watoto wakifa baada ya sindano. Walichokuwa hawaoni ni kwamba mtoto huyo alikuwa amepitia siku mbili za mafusho, malaria imeshapanda kichwani, sukari imekwisha, na sindano ilikuwa jambo la mwisho lililotokea kabla ya kifo. Yule aliyechomwa siku ya kwanza akapona, hakuna aliyemsimulia, kwa kuwa walisema halikuwa degedege.

Sindano yenyewe siku hizi ni atesuneti. Utafiti wa mwaka 2010 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa watoto wenye malaria kali, vifo hupungua kwa zaidi ya moja ya tano wakipewa atesuneti badala ya kwinini. Kwenye zahanati iliyo mbali kuna atesuneti inayowekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto asiyeweza kumeza. Hiyo ni ya kumfikisha hospitali, siyo ya kumponya. Wapo wanaoona mtoto amefumbua macho baada ya dawa hiyo wakageuza bodaboda kurudi nyumbani. Malaria hurudi na nguvu zile zile.

Jambo la pili ni dripu. Kila siku naombwa: "Sista, mtundikie hata chupa moja." Dripu imekuwa alama ya kutibiwa, asiyetundikiwa huona amepuuzwa. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, wa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka mshipani walikufa 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walikufa 7.3. Hata madaktari walishangaa, kwani vitabu vilifundisha kinyume. Watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha, na wenye utapiamlo mkali, hawakuwemo katika utafiti huo. Anayeharisha mpaka macho yamezama anayahitaji maji, na kwa haraka. Lakini kwa mtoto mwenye homa na damu pungufu, muuguzi anayekataa kutundika chupa huenda ndiye anayemwokoa.

Kwa kuharisha, anzeni nyumbani. Pakiti moja ya chumvichumvi kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hata kama kuharisha kumekoma. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakipanda yanaingia mapafuni. Aliyeungua apoozwe kwa maji yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, mayai na unga viache jikoni.

MZEE: "NI UZEE TU"

Mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na homa wala kikohozi. Mwenye shambulio la moyo anaweza asiumwe kifua. Anakosa pumzi tu, anatoka jasho, anasema amechoka. Kinachobadilika kwanza mara nyingi ni akili. Jana alikuwa anakumbuka bei ya kahawa ya mwaka 1977, leo anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake marehemu na anatafuta mlango ukutani. Familia husema ni uzee. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine: maambukizi, sukari kushuka, maji kupungua mwilini, dawa kuzidi, damu kuvujia kichwani baada ya kuanguka wiki iliyopita.

Kiharusi nacho kina saa yake. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono mmoja ukiinuliwa unashuka, maneno yanakokota. Angalieni saa ilikuwa ngapi alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa tutawauliza. Msimpe maji, wala uji, wala vidonge vya presha vya jirani. Koo lake huenda limepooza na kitu hicho kitaingia mapafuni. Na kama ana kisukari na alimeza dawa bila kula, waambieni wauguzi mapema. Sukari iliyoshuka huiga kiharusi kabisa, naye anaweza kuinuka kitandani dakika kumi baada ya sindano ya glukosi.

Bibi akianguka, na mguu ukaonekana mfupi huku unyayo umegeukia nje, nyonga imevunjika. Asivutwe, asikandwe kwa mawe ya moto. Aletwe akiwa amefungwa miguu yote miwili pamoja na mto katikati. Kinachowaua wazee hawa mara nyingi si mfupa. Ni miezi ya kulala kitandani: vidonda, mapafu kujaa, damu kuganda miguuni.

Kwa babu nitaje jambo ambalo halisemwi. Mkojo ukiziba, tumbo la chini linajaa kama mtungi, maumivu hayavumiliki, na figo zinaanza kuumia. Lakini anayemhudumia ni mkwe wake, mke wa mwanawe, na mzee wetu hawezi kumwambia mkwewe habari hiyo. Atasema tumbo linamsumbua. Atakataa kunywa maji. Siku ya tatu analetwa hajijui. Mpira unawekwa kwa dakika chache tu na mzee anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kila nyumba yenye babu iwe na mwanaume mmoja, hata mjukuu wa darasa la saba, wa kumwuliza asubuhi kama amekojoa vizuri.

Mpango wa 115 niliousema haukuwekwa kwa ajili ya wazee, wala kwa mtoto aliyevuka mwezi. Kwa hao, gari ni la kutafuta wenyewe, na ndiyo sababu namba ya dereva mwenye gari la kulala iandikwe ukutani.

Mkifika getini, msijipange. Mwambieni mlinzi au muuguzi wa kwanza mtakayemwona ni nini kimewaleta, kwa maneno ya wazi: anatoka damu, hanyonyi, amepata degedege, amechanganyikiwa tangu jana. Kadi ya kliniki iwe mkononi, siyo chini ya begi. Dawa zote anazotumia mzee, pamoja na zile za miti shamba, zije kwenye mfuko mmoja, hatutagomba. Na aje mtu aliyekuwepo ilipoanza. Mara nyingi mgonjwa huletwa na wanaume wanne wenye nguvu, na yule binti wa miaka kumi aliyeona kila kitu ameachwa nyumbani kulinda kuku.